Picha za Saa ya Chakula

Wifi yangu hakunitii kwa miezi mitano na mimi sikujua. Kila Jumamosi nilimwambia afute picha za saa ya chakula, kila Jumamosi akaniitikia "sawa wifi" kwa sauti ya mtu mtiifu kabisa, na kila Jumamosi hakufuta hata moja. Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba ninamshukuru, maana mbele ya hadithi hii kuna mahali nilimfokea, na sipendi kuchukiwa kabla sijafika mwisho.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ya vyumba viwili. Cha mbele kina kiti kimoja na pazia jeupe, hapo watu wanakuja kupiga picha za vitambulisho na kuniambia niwapunguze mashavu. Cha nyuma kina kompyuta, feni yenye kelele, na wifi. Ni mke wa kaka yangu. Alikuja kunishikia kazi wiki mbili msaidizi wangu alipojifungua, na hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Mimi nina mdomo, sikatai. Yeye ametulia kama maji ya mtungi, na mtu wa aina hiyo ukimfokea unabaki unaisikia sauti yako mwenyewe.

Kaka yangu ni fundi mwashi, na kila mtu anamwita Pima. Jina alilipata kwa sababu haendi popote bila pima maji yake mfukoni, kile kifaa cha mafundi cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Akija kunitembelea, kabla hajakaa, ameshaiweka juu ya fremu ya mlango wangu na kutikisa kichwa. Maneno yake ni machache, na mezani ni machache zaidi. Anakula haraka, anasukuma sahani, anasema "kimeiva", anaondoka. Wifi alizoea kuniambia kwamba katika miaka kumi na saba ya ndoa hajawahi kusikia kutoka kwake neno refu kuliko hilo kuhusu chakula. Alikuwa analisema kwa kucheka, lakini mimi nilijua anacheka juu juu tu.

Zahanati ya mtaani kwetu ilipoamua kujenga wodi mpya ya wazazi, Pima ndiye aliyewekwa kuwasimamia mafundi. Wenye zahanati wakataka pia video ya kuonyesha jengo likiota kutoka msingi hadi paa, isizidi dakika kumi na tano, ya kuonyeshwa siku ya ufunguzi. Kazi hiyo nikapata mimi. Nikaifungia kamera kwenye sanduku la bati juu ya paa la jirani, nikaielekeza kwenye eneo la ujenzi, na ikawa inapiga picha moja kila baada ya dakika tano, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Tulizipiga zikiwa ghafi. Picha ghafi ni ile ambayo kamera haijaichagulia kitu: imebeba kila kilichoonekana, penye jua na penye giza, na imekuachia wewe uamue. Ni nzito, rangi zake zimepooza, na simu ya kawaida haiwezi hata kuifungua. Mimi na wifi tunaziita mbichi, kwa sababu mpaka zipikwe ndipo watu wengine wanaweza kuzitumia. Kupika ilikuwa kazi yake. Alizisawazisha mwanga, akazigeuza kuwa picha za kawaida, akazipanga kwa mfuatano, ishirini na nne kwa kila sekunde, kisha akazibana ziwe video nyepesi. Jasho la siku nzima la watu ishirini linakuwa sekunde tano.

Saa ya chakula huwa tunaikata. Huo ni utaratibu wa kazi yetu, wala sikuubuni mimi. Kuanzia saa saba hadi saa nane mafundi wanakwenda kula, jengo linabaki limesimama, na ukiiacha saa hiyo ndani ya video basi kila siku ya ujenzi inakwama kidogo, na mtazamaji anadhani simu yake imeganda. Picha hizo zinakula nafasi bure. Ndiyo maana nilimwambia azifute.

Na kweli nafasi ilikwisha. Mwezi wa nne diski ilijaa kabla ya wakati wake, nikamwuliza wifi ameweka nini humo, akasema ni sinema. Nilimpa maneno yake. Nilimwambia chumba changu cha nyuma si ukumbi wa kutazamia sinema, na kama amechoka kazi aseme. Akasema, "Samahani wifi." Nikanunua diski nyingine huku nanung'unika njia nzima.

Mwezi wa tano, zikiwa zimebaki wiki chache tu jengo likamilike, kaka alianguka.

Ilikuwa saa ya chakula. Wenzake wote walikuwa wameondoka. Yeye alikuwa na kawaida ya kubaki pale pale na kula chakula alichofungiwa nyumbani, akikaa juu ya rundo la tofali nje ya ukuta wa baraza. Wenzake waliporudi walimkuta ndani ya baraza, chini ya jukwaa, mfupa wa paja umevunjika na damu imetapakaa. Lakini juu ya jeraha alikuwa amefungwa, tena kwa nguvu, kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Walisema kuna sauti ya mwanamke iliyowaita kupitia uwazi wa uzio, wakakimbia, na walipofika hapakuwa na mtu. Mpira ule haukutuambia kitu, kwa sababu mafundi wote wanafungia vitu kwa mpira wa namna hiyo. Daktari alituambia waziwazi kwamba bila ule mpira asingefika hospitali.

Wiki tatu zikapita. Upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kusafisha na kusubiri. Wa pili, wa kuweka chuma, ukapangwa Jumatatu, na daktari hakuficha kwamba damu iliyopotea ilikuwa nyingi na kwamba upasuaji huo haukuwa mchezo. Alhamisi nilikwenda kumwona kaka wodini. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba kama ya mtoto wa shule.

"Kuna mtu alinifunga mguu," alisema. "Nakumbuka kichwa changu kiko juu ya kitu laini, na mtu ananiuliza maswali. Sikumbuki maswali gani. Nakumbuka nikijibu."

Nikamwambia tumewauliza mafundi wote.

"Najua. Lakini kamera yako ilikuwepo." Akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu tukiwa wadogo. "Nataka kumwambia ahsante kabla sijaingia kule Jumatatu. Nikitoka, sijui nitatokaje. Nataka niingie nikiwa nimeshasema."

Nilimwambia nitaangalia. Nilitoka pale haraka, kwa sababu kamera ilikuwepo kweli, na mimi ndiye niliyeagiza picha za saa ile zifutwe. Kibaya zaidi, siku ya ajali wala sikufikiria. Jumamosi iliyofuata nilitoa agizo lile lile kwa mazoea, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani. Sikutaka kuiona siku ile, na kufuta kulinifaa.

Nilimkuta wifi kwenye kompyuta. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, mpaka zile picha nilizoagiza zifutwe. Yeye akazungusha kiti, akanitazama kama mtu aliyevunja sahani ya mwenyeji.

"Wifi, usinifukuze," alisema.

"Nikufukuze kwa lipi?"

"Sikuzifuta."

Akafungua folda iliyoandikwa "Nakala za zamani", jina la kuchosha ambalo alijua sitaligusa. Ndani yake siku zote zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, kila siku na picha zake kumi na mbili za saa saba hadi saa nane. Akanifungulia moja ya mwezi wa pili. Kaka yangu alikuwa amekaa juu ya tofali, mgongo umeegemea ukuta, mikebe ya chakula cha nyumbani imepangwa juu ya mapaja yake. Picha inayofuata, mkebe wa pili. Picha inayofuata, ameinua uso anatazama juu, anatafuna.

"Nilikuwa namwangalia akila," wifi alisema. "Nyumbani anakula kama anakimbizwa. Hapa anakula taratibu. Tazama, amemaliza, bado anaangalia ndani ya mkebe. Nikasema nitafuta wiki ijayo. Kila wiki nikasema wiki ijayo."

Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa sinema niliyomfokea. Nilitaka kumwomba radhi hapo hapo lakini nikaishia kuvuta kiti karibu naye na kumwambia afungue siku yenyewe. Akasema hata yeye hajawahi kuifungua. Tukaifungua pamoja.

Picha nne za kwanza kaka anakula. Ya tano, mikebe imefungwa na imewekwa juu ya tofali, yeye hayupo. Ya sita, yuko juu ya jukwaa, ameinamia boriti na pima maji mkononi. Wenzake wamekwenda kula, yeye ameona mstari umepinda ameshindwa kuuacha. Ya saba, ubao wa jukwaa umeinama upande mmoja na juu yake hakuna mtu. Kuanzia hapo hadi ya kumi na mbili hakuna kilichobadilika. Jua kali nje, na ndani ya baraza, pale alipoangukia, ni weusi mtupu.

"Hakuna kitu," nilisema.

"Hiyo ni kwa sababu kompyuta imejiamulia yenyewe," wifi akasema. "Hizi bado mbichi."

Akashika kwenye programu alama ya kupandisha mwanga wa vivuli, akaanza kuivuta taratibu. Weusi ukawa wa kahawia. Akaendelea. Kahawia ikawa kijivu chenye chenga, na ndani ya chenga ukatokea mguu wa kaka, kiatu kimechomoka. Wifi akavuta tena. Ikatokea mistari miwili inayong'aa, ile iliyoshonwa kwenye vizibao vya watu wanaofanya kazi barabarani. Ndani ya kizibao alikuwemo mwanamke, amepiga magoti, na kichwa cha kaka yangu kiko juu ya mapaja yake. Ukutani nyuma yake ulikuwa umeegemezwa ufagio mrefu wa barabarani. Alikuwepo kwenye picha ya saba, ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Dakika zote zile hakuondoka.

Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga. Nililia kwa sauti, mpaka mteja aliyekuwa chumba cha mbele akauliza kama kuna msiba. Mtu ambaye sijawahi kumwona alimpakata kaka yangu na kumlinda, na mimi nilikuwa nimeagiza afutwe.

Wifi hakulia wakati ule. Aliichukua ile hesabu ya mwanga wa vivuli aliyoifikia akaibandika kwenye picha za siku iliyotangulia, na yule mwanamke alikuwepo. Akaibandika kwenye siku iliyotangulia hiyo, alikuwepo. Tukarudi nyuma hivyo mpaka mwezi wa pili, lilipomwagwa zege la paa la baraza na kivuli kikapatikana. Kila siku saa saba mwanamke yule aliingia kwa uwazi wa uzio, akaegemeza ufagio, akakaa chini ndani ya baraza na kunyoosha miguu. Na nje ya ukuta ule ule kaka alikuwa amekaa anakula. Migongo yao ilitenganishwa na tofali moja, kwa siku tisini, na kwa jinsi kaka alivyokaa hakuwahi kujua kuna mtu.

Mimi nilitaka kuchapisha picha moja ya siku ya ajali, nitoke nayo mtaani nianze kuuliza. Wifi akakataa.

"Ukimwonyesha hiyo atadhani tunamtafutia kesi," alisema. "Alikimbia, wifi. Mtu anayekimbia anaogopa kitu. Tumwonyeshe zote."

Kwa hiyo Ijumaa tulifunga studio, nikabandika karatasi mlangoni kwamba tumepatwa na shughuli, tukapika. Picha zilikuwa elfu moja na themanini, gigabaiti ishirini na saba. Kompyuta ilipiga kelele kama inakoboa mahindi. Kufika mchana zilikuwa zimeshageuzwa na kupangwa, na zikawa sekunde arobaini na tano tu. Shida ikaja kwenye kubana. Simu ya kaka ni ya zamani na haina nafasi, nasi tulitaka video imfikie na yeye. Tulipoibana kwa mara ya kwanza ikawa nyepesi vizuri, lakini ndani ya baraza palikuwa pamegeuka mabaka ya mraba, na mwanamke hayupo. Programu za kubana zina tabia hiyo. Zikikuta giza zinaamua hakuna mtu atakayetazama hapo, zinatupa kila kitu, zinahifadhi jua na matofali.

Tulijaribu mara nne. Mwishowe tukapunguza ukubwa wa picha, tukakata mbingu na barabara, tukabakiza ukuta na pande zake mbili, na nafasi yote iliyopatikana tukaipa ile baraza. Ikatoka megabaiti kumi na mbili. Upande wa kushoto mwanamume anakula, upande wa kulia mwanamke anapumzika, jua linazunguka, siku zinapita.

Jumamosi asubuhi tulikwenda ofisi ya usafi. Msimamizi wa wafagiaji alitazama video bila kumtambua mtu, uso ulikuwa na chenga mno, lakini alipouona ufagio akacheka. Mpini wake ulikuwa umefungwa mpira wa tairi kutoka juu hadi chini. Akasema mtu mmoja tu hufunga hivyo, na hutembea na vipande vya akiba mfukoni, ndiyo maana wanamwita Mama Mpira. Akatuambia wiki tatu sasa ameomba kuhamishiwa barabara nyingine.

Tulimkuta mbele ya maduka ya vitambaa. Ni mama wa makamo, mwembamba, anafagia kwa hatua ndefu. Nami kwa mdomo wangu nikaharibu. Nilimwuliza kama yeye ndiye aliyekuwa anaingia kwenye ujenzi wa zahanati saa saba.

"Mimi sijaingia popote," alisema, akaongeza kasi, na vumbi lote likaja kwenye viatu vyangu.

Wifi akapita mbele yangu, akamwamkia shikamoo, akamwomba dakika moja tu, akampa simu. Yule mama akaishika mbali na uso kama watu wasio na miwani. Akatazama hadi mwisho, kisha akatazama tena.

"Huyu ni mimi?" aliuliza. "Mbona nakaa vibaya hivi." Halafu akaona ukuta, na upande wa pili wa ukuta, akainua uso. "Fundi yuko hai?"

"Yuko hai, mama," wifi alisema. "Ni mume wangu."

Mama Mpira alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara, ufagio mapajani. Ndipo akatueleza kwamba mlinzi wa ujenzi alishamwonya mara mbili asikanyage pale, na siku ile aliposikia mafundi wanarudi aliogopa kuulizwa alikuwa anafanya nini ndani na damu mikononi. Akawaita, akakimbia. Tangu hapo aliiacha barabara ile ili asije akasikia kwa bahati mbaya kwamba yule mtu alikufa. Wiki tatu nzima kaka hakujua nani alimwokoa, na aliyemwokoa hakujua kama aliokoka.

Jumatatu alikuja hospitali wakati wa mapumziko yake, amevaa kizibao, ufagio ameuacha kwa mlinzi wa getini. Kaka alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji. Video alikuwa ameitazama tangu Jumamosi mara zisizohesabika. Alijaribu kuinuka, muuguzi akamrudisha.

"Mama," alisema, "nimekaa siku tatu natafuta maneno ya kukuambia. Nimepata moja tu. Ahsante."

"Linatosha," Mama Mpira akajibu. Akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono imetulia mapajani. "Unakumbuka nilikuwa nakuuliza nini?"

Kaka akasema hakumbuki.

"Nilikuwa nakusikia kila siku, fundi. Wewe ukila unaongea peke yako. Kila kitonge na neno lake. Leo ameweka tangawizi. Leo viazi vimelainika, huyu mwanamke anajua. Leo samaki, amemtoa miiba yote, Mungu amlinde mikono yake. Na ukimaliza unagonga kifuniko, unasema ahsante mke wangu. Kila siku. Mimi upande wa pili na mkate wangu nikawa najua nyumba yenu inakula nini kuliko majirani zenu."

Sikuthubutu kumtazama wifi. Kaka alikuwa anatazama dari, kama mtu aliyeitwa kukagua lipu.

"Ulipoanguka," Mama Mpira akaendelea, "macho yakawa yanafumba. Nilijua ukilala umekwenda. Jina lako silijui, watu wako siwajui. Nilichojua ni chakula tu. Nikakuuliza, fundi, leo umeletewa nini? Ukanitajia. Nikakuuliza, na jana? Ukanitajia. Na juzi? Nikakurudisha nyuma hivyo hivyo, siku baada ya siku. Ulifika siku ya kumi na tatu ndipo nikasikia wenzako getini. Hukukosea hata moja, maana zote nilikuwa nimezisikia."

Wodi ilikuwa na watu wengi. Wifi alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda, ameshika chuma chake kwa mikono miwili, na machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Nilimsogelea nikamwambia, mbele za watu, kile nilichoshindwa kukisema studio: kwamba nilimfokea bila haki, na kwamba namshukuru kwa kunidanganya kila Jumamosi. Akaitikia kwa kichwa tu. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa anamtazama mumewe.

Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu. Kaka alipohamishiwa pale ndipo nikaona anaogopa. Midomo ilikuwa imekauka na mkono unatafuta kitu cha kushika kwenye shuka. Mama Mpira akasimama, akamgusa bega, akarudi nyuma kupisha. Wifi akaenda upande wa kichwani, akaushika ule mkono, wakaanza kusukumwa kwenye ukumbi mrefu, nasi tukifuata. Muuguzi akasema mwisho wa ndugu ni kwenye mlango wa kijani.

Mlango ulipokaribia wifi akainama.

"Fundi," alisema. "Leo umeletewa nini?"

Kaka akageuza kichwa akamtazama.

"Leo sijaletewa," alisema. "Wamenikataza kula. Jana uliniletea wali na maharage, ukayatia karoti, yalikuwa mazuri sana mke wangu."

"Na juzi?"

"Juzi viazi na mayai. Ulichelewa, mvua ilikunyeshea, lakini vilifika vya moto. Nikajiuliza umevifunika na nini."

"Na Ijumaa?"

Wifi akaachia mkono pale walipomwambia aachie, akabaki amesimama. Kaka aliendelea kujibu akiwa anaingizwa ndani, sauti imepanda ili imfikie, na mlango ulipofungwa alikuwa amefika Alhamisi.